Jina la Baba Kwenye Cheti Chako

Jericho, Eastlands, Jumamosi mchana

Ndanu,

Umeenda sokoni kusukwa, na dada wa nywele amesema hatamaliza kabla ya saa kumi na moja. Nina muda. Mama zako wadogo wamekwisha kukueleza habari za baridi, mchungaji amekueleza habari za marafiki, na babu yako amekuonya mara tatu usitie pasipoti kwenye mfuko wa nyuma. Sina la kuongeza hapo. Nina neno kuhusu karatasi moja tu.

Ndani ya faili ya buluu kuna bahasha ya kaki niliyoifunga kwa gundi. Humo mna cheti chako cha kuzaliwa, nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri unaoweza kuuhisi ukipitisha kidole. Ulipokuwa na miaka kumi uliniuliza hospitali waliandika nini kwenye nafasi ya baba, nikakuambia hawakuandika kitu. Ukaniuliza tena ukiwa kidato cha kwanza, nikakujibu vilevile. Si kweli. Kuna jina. Na jina lililopo si la babako.

Huko uendako utaitoa karatasi hiyo mara nyingi, chuoni na kwenye ofisi utakakoomba namba ya kufanyia kazi. Sitaki uisome mara ya kwanza mbele ya dirisha la mtu usiyemjua. Nataka uisome ukiwa umeshajua, kisha uamue utanionaje. Hilo ndilo ninaloogopa, na naliandika mapema ili tusizungushane.

Unaikumbuka karatasi yenye nyayo zako na jina lako tu, ile ambayo babu yako aliichongea fremu ya mti wa muhugu akaitundika sebuleni kando ya kalenda. Kwa miaka kumi na saba sote tuliamini hicho ndicho cheti. Shule iliipiga nakala bila kuuliza. Tulipoondoka Amerika ukiwa na miezi mitano, uliandikwa ndani ya pasipoti yangu, kama ilivyokuwa wakati ule, kwa kuonyesha karatasi hiyo hiyo. Mimi mwenyewe, mwenye shahada, ninayelipwa kusahihisha vitabu vya shule na kuona makosa ambayo wengine hawayaoni, sikuwahi kuisoma hadi chini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba ni kumbukumbu tu kwa familia na haitumiki kisheria.

Aliyeyasoma maneno hayo ni Mama Kevo wa saiba, lile duka la kompyuta la ghorofani. Nilimpelekea karatasi na fremu yake aniskanie, siku ulipopata barua ya chuo na tukaambiwa wewe ni raia wa kule kwa kuzaliwa, kwa hiyo huhitaji viza bali pasipoti yao. Alivaa miwani, akaigeuza fremu huku na huku.

"Mwalimu, hii ni kama kadi ya harusi," akasema. Huniita mwalimu ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba sifundishi. "Inaonyesha tu kuna sherehe ilifanyika. Cheti kiko wapi?"

Nikasema hicho ndicho.

"Zii. Hii ni nyayo. Nani ataenda airport na nyayo?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na mtu nisiyemjua, yule muuguzi aliyenipa karatasi nzuri kuliko ya kweli.

Kule vyeti haviko mahali pamoja. Kila kaunti hutunza vyake, na kaunti zao ni nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Unajaza fomu, unaeleza wewe ni nani kwa mtoto, unaapa mbele ya wakili kwamba ndiwe huyo unayesema, unatuma kwa posta, unangoja. Tulituma kwenye kaunti nilikokuwa nikiishi. Baada ya wiki saba ikaja barua fupi ya kusema kwamba wametafuta na hakuna mtoto wa jina hilo aliyezaliwa kwao mwaka huo.

Niliisoma barua ile nimesimama. Ulikuwa jikoni ukiosha vyombo huku ukiimba, na mkononi nilikuwa na karatasi ya serikali inayosema hukuzaliwa.

Mama Kevo ndiye aliyeuliza swali lililotutoa hapo. "Wewe ulilala wapi, na ulizalia wapi?"

Nikamwambia ni mahali pamoja, mji ni mmoja.

"Hapana. Mtu anaweza kuwa anakaa Kiamaiko na azalie hospitali ya Pumwani. Cheti kitasema gani?"

Ndipo nikaukumbuka mto. Rafiki yangu niliyekuwa nikiishi kwake alinipeleka hospitali kwa gari lake, tukavuka daraja. Niliyahesabu mataa ya daraja hilo kwa sababu kila uchungu uliponijia nilihitaji kitu cha kuhesabu. Upande wa pili ulikuwa kaunti nyingine. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima katika mji ule bila kujua kwamba mto unaukata vipande viwili kwenye vitabu vya serikali. Wao hawajali mama alikokuwa akiishi. Wanaandika pale mtoto alipotokea.

Kwa hiyo tukajaza fomu ya pili. Sasa nisome polepole, Ndanu, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Mama Kevo alikuwa akiuliza na kupiga chapa. Jina la mtoto kama lilivyoandikwa siku ile. Nikamtajia. Jina la mama. Nikamtajia. Jina la baba kama lilivyoandikwa siku ile, ambalo fomu ya kwanza haikuliuliza, na hii ilionya kwamba jina likikosewa wanaweza wasikipate.

"Paulo Nzioka," nikasema.

Akapiga herufi mbili tatu, akaacha. "Si ya babako, mwalimu. Ya baba ya mtoto."

"Ndiyo hiyo."

Mama Kevo anamfahamu babu yako. Amemtengenezea kadi za kazi zake za kuchonga kwa miaka mingi. Aligeuka akaniangalia, akaondoa macho haraka, akarudi kwenye mashine. "Sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi naandika tu."

Nilijua alichofikiria. Ungekuwa wewe ungefikiria hivyo hivyo, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka ulisikie kwangu kabla hujaliona. Nilimngoja afunge, nikamweleza ngazini kwamba sivyo, kwamba babu yako hajawahi kunikosea hata kwa neno. Aliniambia hakuwa amefikiria kitu. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu kupita kiasi.

Ukweli ni huu. Asubuhi baada ya wewe kuzaliwa, mwanamke mmoja alipita wodini akisukuma meza yenye kompyuta. Alikuwa mwandishi wa kumbukumbu, si muuguzi. Aliuliza jina langu, nikasema Ruth Mwikali Nzioka. Aliuliza jina lako, nikasema Ndanu, kwa ajili ya mama yangu, na Nzioka. Kisha akauliza jina la baba. Maisha yangu yote kila fomu ya Kenya imeniuliza jina la baba, kutoka darasa la kwanza hadi kitambulisho, na jibu limekuwa moja. Nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Paulo Nzioka.

Hadi hapo ni kosa la mtu aliyechoka. Kwa miaka mingi nimejisimulia kisa hiki hadi hapo tu, kama kichekesho cha msichana wa Eastlands ugenini. Lakini mwanamke yule hakuishia hapo. Aliona majina yanafanana, mimi Nzioka, mtoto Nzioka, mwanamume Nzioka. Akatabasamu, akasema, "Ni mume wako, sivyo?"

Nikaelewa papo hapo nilichokuwa nimefanya. Palikuwa na nafasi, pengine ya pumzi mbili. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akanisomea yote tena, akauliza kama ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Nikatia sahihi kwa kalamu yake.

Kwa hiyo kwenye vitabu vya kaunti ile mimi na babu yako ni mume na mke. Kwa Mama Kevo, kwa muda wa ngazi moja, tulikuwa aibu. Wala sikuweza kujitetea kwa desturi yetu. Ni kweli kwamba kwetu mtoto wa msichana asiyeolewa huwa wa nyumba ya babake, na hakuna anayeshangaa akiitwa kwa jina la mzee. Nilijiambia hivyo ndani ya ndege nikiwa nimekupakata. Lakini desturi ile humpa mtoto nyumba. Haikuagiza mtu afutwe. Hilo nililiongeza mimi.

Babako anaitwa Daniel Wekesa. Watu wao ni wa Bungoma lakini alikulia Makongeni, mwendo wa miguu kutoka hapa ninapoandikia, na ilibidi tupande ndege wote wawili ndipo tukutane, kwenye ibada ya Wakenya iliyofanyika katika darasa la kukodi. Alikuwa akisomea uuguzi na kuwatunza wazee kwa zamu. Alikuwa mtu wa polepole. Ukimuuliza swali Jumatatu alikuwa anaweza kukujibu Jumatano, akiwa amelifikiria kweli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa namba moja kila mahali nilipopita, na polepole yake niliiona kama uzito.

Nilipomwambia nina mimba alinyamaza siku mbili, kisha akaja na daftari alilokuwa ameorodhesha mambo ya kufanya. La kwanza lilikuwa kuwapigia wazazi wangu simu. La pili, wazee wake wa Makongeni waje Jericho. Niliisoma orodha hiyo nikajiona mimi mwenyewe ni kitu kwenye orodha. Nilihisi nimeanza kugawanywa kabla hata sijajifungua. Mimba ilipofika mwezi wa saba nilihamia kwa yule rafiki yangu bila kumuaga Daniel. Alikuja mlangoni mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa ndani, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea na mlango nimeubana, nikimsikiliza rafiki yangu akisema sipo.

Hakunipiga. Hakunidanganya. Hakuikana mimba. Nimejaribu kwa miaka mingi kumtafutia kosa la ukubwa unaolingana na nililomtendea, na sijalipata.

Nilipofika nyumbani na wewe mgongoni, hakuna aliyeniuliza mengi. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja tu. "Alikuacha?" Sikumjibu. Akachukulia kwamba ndiyo, akakubeba, na kuanzia hapo nyumba nzima ikajua kwamba kuna mwanamume alituacha. Sijawahi kuitamka sentensi hiyo. Sikuwa na haja. Nilikuwa nimegundua kwamba nikinyamaza watu wataongopa wao wenyewe kwa niaba yangu, na mimi nitabaki na mikono safi. Wewe uliikuta habari hiyo imeshakaa nyumbani kama meza. Ulipokuwa na miaka kumi na mbili uliniambia kwamba ukikutana naye hutamsalimia. Nilikuwa nakusuka, nikaendelea kukusuka.

Kama kuna somo nililolilipia ni hilo, kwamba hata kunyamaza ni kudanganya.

Cheti kilifika mwaka jana, mwezi wa Septemba. Ulitaka kukiona nikasema usikichafue. Siku ya ubalozi ulikuwa umekaa kwenye kiti cha buluu ukingoja kuitwa, nami nilikuwa dirishani. Ofisa alisoma, akaniuliza kupitia kioo kama bwana Nzioka anajua kwamba mtoto anaomba pasipoti. Nikasema anajua sana. Ndivyo ilivyokuwa, mzee alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya siku hiyo. Nilisema ukweli mtupu na nilikuwa nadanganya. Nilitoka pale miguu ikiwa myepesi, na wepesi huo ndio ulionitisha.

Wiki iliyofuata nikaenda Pumwani, kwenye karakana ya babu yako. Alikuwa akipiga msasa mgongo wa twiga. Nilimwambia nina karatasi inayomtaja, nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Wenzake wawili walikuwa upande wa pili wakibishana juu ya mpira, naye akangoja wainue sauti kidogo ndipo aseme.

"Kwa hiyo huko nimekaa mahali pa mtu."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Na huyo mtu amekaa wapi miaka hii yote?"

Nilianza kumweleza kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa, kwamba fomu ilikuwa ya kigeni. Alinisikiliza huku akipuliza vumbi la mti kutoka kwenye msasa. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikuulizi wewe ulikuwa wapi." Akarudi kwa twiga wake. Hajalitaja tena. Lakini ile fremu ya nyayo niliyorudi nayo kutoka saiba hajaitundika tena, umeona, na wewe ulidhani ni msumari umeng'oka.

Basi nikafanya mambo mawili.

La kwanza, nimekwenda kwa wakili nikaapa kwamba jina nililotoa siku ile si sahihi na kwamba sikuwa nimeolewa. Karatasi hiyo iko nyuma ya cheti, kwenye bahasha. Kaunti ina utaratibu wa kurekebisha. Wanataka kiapo changu, wanataka sahihi ya Wekesa, na kwa kuwa umefikisha miaka kumi na minane wanataka yako pia. Bila yako, yetu haina kazi. Unaweza kuacha mambo yalivyo. Nzioka ni jina jema na mwenye jina hilo amekulea. Hakuna atakayekulaumu, mimi nikiwa wa mwisho kabisa.

La pili, nilimwandikia Wekesa. Sikuwa na chochote chake isipokuwa anwani ya barua pepe ya wakati ule, ile ya wanafunzi yenye namba mwishoni ambayo watu wazima huionea haya wakaiacha. Nilituma Jumatatu ya wiki iliyopita. Niliandika mistari minne. Kwamba mtoto wake anakuja kusoma katika jimbo lile tulikokutana. Kwamba sikumtaja kwenye cheti. Kwamba mtoto anaamini aliachwa, na kosa ni langu. Kwamba hana wajibu wowote.

Alijibu Jumatano.

Sitakunakilia barua nzima, iko kwenye simu yangu na ukitaka nitakupa. Kuna sehemu moja ambayo sina haki ya kukaa nayo. Anasema baada ya mimi kuondoka, rafiki yangu alimwambia nilizalia hospitali ya ng'ambo ya mto, hakumwambia zaidi. Akaenda kwenye ofisi ya kaunti ile, ile ile ambayo mimi nilihitaji miezi na Mama Kevo kuifikia, akaomba cheti cha mtoto wake. Kwenye jina la baba aliandika lake. Wakamjibu kwamba hakuna rekodi kama hiyo. Mwaka uliofuata akaomba tena, mara hii akaandika jina langu tu kama mama, na pale pa jina la mtoto akaandika kwamba halijui. Wakamjibu kwamba mwombaji si mtu mwenye haki ya kupewa. Barua zote mbili bado anazo.

Nimekuwa nikijaribu kumwona amesimama kwenye dirisha hilo na fomu yenye nafasi ambayo hawezi kuijaza. Nilidhani nimelia vya kutosha juu ya mambo haya nikiwa kijana. Safari hii sikulia. Niliisoma tena barua yake kama ninavyosoma kazi ya ofisini, nikitafuta kosa, na sikuliona.

Anaishi mwendo wa saa mbili kutoka chuoni kwako. Ana mke, ana watoto wawili wa kiume, mke anajua. Namba yake nimeiandika nyuma ya kiapo changu. Nimemwambia asije uwanja wa ndege, asije chuoni, asikutafute, mpaka wewe mwenyewe umwite, na kama hutamwita basi. Alikubali. Utaona ni mtu wa kungoja.

Wewe ukienda kwenye ofisi ile hawawezi kukunyima. Jina ni lako, utaonyesha kitambulisho na watakupa chochote kilichoandikwa humo. Katika watu wanne wanaohusika na karatasi hii, ni wewe peke yako ambaye huhitaji kumweleza mtu kwa nini unaitaka.

Limebaki jambo moja. Mwishoni mwa barua yake aliuliza swali, na kwa kuwa katika mistari yangu minne niliandika mtoto tu, mtoto tu kila mahali, naona hakuwa na njia nyingine ya kujua. Aliuliza, "Ni msichana au mvulana?"

Sijamjibu. Nimewajibia nyote wawili kwa miaka kumi na minane, naona inatosha. Swali hili ni lako.

Nakupenda na nimekukosea, vyote kwa pamoja, na sitakuomba uvitenganishe kabla ya ndege ya kesho.

Mimi ni mamako. Hapo karatasi haikukosea.

Mwikali